Kiongozi na Washauri Wake

Masomo: Kutoka 18:13–27, 1 Wafalme 12:1–19, Mathayo 27:11–26



Kila tunapokusanyika kwa Ushirika Mtakatifu twamwombea Rais wa nchi yetu, na pamoja naye wote waliowekwa katika madaraka chini yake. Maombi hayo tumeyazoea toka utoto, na jambo lililozoewa aghalabu hupita midomoni bila kugusa moyo. Je, tumepata kujiuliza kwa nini Kanisa halimwombei mkuu peke yake? Sababu ni kwamba hakuna mkuu atawalaye peke yake. Barua zinazofika Ikulu kwa siku moja, Rais hawezi kuzisoma zote. Yuko anayemfungulia, yuko anayechagua ipi aione na ipi asiione, yuko anayemwambia, "Mzee, hapa weka saini." Macho na masikio ya Rais, kwa sehemu kubwa, ni macho na masikio ya watu wengine.

Mwezi huu twataka kulitafakari jambo hilo. Mkuu anapogawa kazi yake kwa washauri na wasaidizi, ni kipi anachogawa, na ni kipi kinachobaki mkononi mwake? Tusidhani kwamba hiyo ni habari ya Ikulu tu. Baba na mama wa nyumba, mwenyekiti wa kijiji, mwalimu mkuu, kasisi, mzee wa kanisa: kila mmoja wetu anaye mtu aliyemkabidhi jambo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Twasoma katika Kutoka kwamba Musa aliketi tangu asubuhi hata jioni akiwaamua watu, nao watu wamesimama wakingoja zamu. Yethro mkwewe alikuwa amekuja kumtembelea. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na ndivyo ilivyokuwa. Mzee yule alitazama siku moja tu, akamwambia Musa wazi kwamba hafanyi vema. Atajichosha yeye, na atawachosha watu. Akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Mambo madogo wayaamue wao, na yaliyo magumu wayalete kwake.

Serikalini siku hizi jambo hilo huitwa kukasimu madaraka. Yethro hakusoma chuo cha utawala, lakini tukimsikiliza vizuri twapata mafundisho matatu.

Kwanza, kugawa kazi si uvivu. Mtu asiyetaka kumwachia mwenziwe hata ufunguo mmoja, mara nyingi si kwamba anajituma kuliko wengine, bali anajiona kwamba bila yeye jua halitachomoza.

Pili, Yethro hakusema, "Chagua ndugu zako," wala, "Chagua wanaokusifu." Alisema wawe watu hodari, wamchao Mungu, wa kweli, wachukiao mapato ya dhuluma.

Tatu, Yethro hakumwambia Musa aende akalale. Alimwambia kwamba magumu yatamrudia, na kwamba yeye ataendelea kusimama mbele za Mungu kwa ajili ya watu. Kazi iligawanywa, ila kusimama mbele za Mungu hakukugawanywa. Fundisho hili la tatu ndilo tunalolisahau upesi.

Penye wazee palipoharibika neno

Miaka mingi baadaye Rehoboamu, mwana wa Sulemani, alikwenda Shekemu kufanywa mfalme. Watu wakamwomba awapunguzie nira nzito ya baba yake. Akaomba siku tatu. Akawauliza wazee waliosimama mbele ya baba yake, nao wakamshauri awajibu watu kwa upole. Kisha akawauliza vijana wenzake aliokua nao, nao wakamshauri awatishe. Akafuata maneno ya vijana, na makabila kumi yakamwacha.

Tumezoea kusema penye wazee haliharibiki neno. Hapo wazee walikuwapo, na neno liliharibika. Rehoboamu hakukosa washauri, wala hakukosa kuuliza. Lakini aliuliza kama mtu aulizaye njia ambayo ameshaamua kuipita. Alipata aliyemwambia la moyo wake, akamfuata.

Jambo la namna hiyo lilipata kutokea Marekani, na ni vema tulitazame, kwa kuwa rais yule yule alifanya vibaya na kisha akajifunza. John F. Kennedy alishika urais Januari 1961, akiwa na umri wa miaka 43. Alikuta mpango ulioanzishwa wakati wa Rais Eisenhower. Shirika la ujasusi, CIA, lilikuwa likiwafundisha wakimbizi wa Kuba wapatao 1,400 ili waende kwao kumwondoa Fidel Castro. Wataalamu walimwambia Rais kwamba mpango utafaulu. Katika mikutano watu wachache sana walipinga. Seneta William Fulbright, aliyealikwa katika mkutano mmoja, alisema wazi kwamba ni kosa, wala hakufuatwa. Arthur Schlesinger, mwalimu wa historia aliyekuwa mshauri wa Rais, alimwandikia Rais kwa siri kwamba haafiki, lakini mbele ya wakubwa wenzake alikaa kimya. Baadaye, katika kitabu alichokitoa mwaka 1965, aliungama kwamba alijilaumu sana kwa kimya kile.

Tarehe 17 Aprili 1961 watu wale walishuka katika Ghuba ya Nguruwe. Siku tatu hazikuisha ila mambo yalikuwa yamekwisha. Zaidi ya 100 waliuawa, na zaidi ya 1,100 walitekwa. Kennedy alipokutana na waandishi wa habari hakujificha nyuma ya wataalamu. Alisema kwamba yeye ndiye mwenye dhamana katika serikali ile. Hilo lilikuwa jema, ila wale waliokufa hawakufufuka.

Miezi 18 baadaye

Tarehe 16 Oktoba 1962 rais huyo huyo alionyeshwa picha zilizopigwa kutoka angani. Warusi walikuwa wakijenga Kuba vituo vya makombora ya nyuklia. Hatari hii ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza mara nyingi, maana vita ikizuka ingeweza kuteketeza mataifa. Kennedy aliwakusanya tena washauri wake, na wakuu kati yao walikuwa wale wale: Dean Rusk wa mambo ya nje, Robert McNamara wa ulinzi, McGeorge Bundy wa usalama. Aliyebadilika ni muulizaji.

Safari hii hakuukubali ushauri wa kwanza uliokuja. Aliacha wabishane kwa siku kadhaa. Mikutano mingine hakuhudhuria kwa makusudi, kwa sababu alijua kwamba mkubwa akiwamo chumbani, watu huyachuja maneno. Washauri waligawanyika makundi, kila kundi likaandika shauri lake, kisha wakabadilishana karatasi na kutafutana makosa. Wakuu wa majeshi walitaka Kuba ishambuliwe kwa ndege. Aliwasikiliza, akawauliza: tukishapiga sisi, na wao wakapiga, halafu itakuwaje?

Mwisho akaamua mwenyewe. Tarehe 22 Oktoba alitangaza kwamba manowari zitazuia meli zinazopeleka silaha Kuba, na hivyo akamwachia Khrushchev nafasi ya kurudi nyuma. Tarehe 28 Khrushchev alikubali kuyaondoa makombora. Kennedy naye aliahidi kutoivamia Kuba, na kwa siri akakubali kuyaondoa makombora ya Marekani yaliyokuwa Uturuki.

Hatusemi kwamba Kennedy alikuwa mtakatifu. Twasema tu kwamba washauri wale wale walitoa shauri baya walipoulizwa vibaya, na shauri la kufaa walipoulizwa vema. Mkuu hupata ushauri wa kiasi cha ukweli anaoweza kuuvumilia.

Mkuu asiyeuliza

Rais mwingine wa Marekani, Ronald Reagan, alijulikana kwa kuwaachia wasaidizi kazi nyingi. Mwaka 1986 alilieleza gazeti moja kwamba njia yake ni kutafuta watu bora, kuwapa madaraka, na kutowaingilia maadamu wanafuata sera yake. Mtu akiyasikia maneno hayo haraka atadhani ni ya Yethro. Lakini limepungua lile la tatu.

Novemba mwaka huo huo mambo yalifichuka. Silaha zilikuwa zimeuzwa Iran kwa siri, kwa matumaini kwamba Wamarekani waliotekwa Lebanon wataachiliwa. Hilo Rais aliliidhinisha. Lakini sehemu ya fedha ilipelekwa kwa waasi wa Nikaragua, ingawa Bunge la Marekani lilikuwa limekataza kuwapa silaha. Hilo Rais alisema hakuambiwa. Mwaka 1987 John Poindexter, aliyekuwa mshauri wake wa usalama, alilieleza Bunge kwamba yeye ndiye aliyeamua kutomwambia, ili kumkinga.

Hebu tulitafakari neno hilo, ndugu. Mshauri amewekwa ili mkuu ajue, naye akaona kazi yake ni kumkinga mkuu asijue! Hayo huota pale ambapo kwa muda mrefu mkuu hajauliza. Tume iliyoongozwa na Seneta John Tower ilitoa taarifa Februari 1987, ikasema Rais hakuwasimamia wasaidizi wake ipasavyo. Tarehe 4 Machi Reagan aliwaambia wananchi kwamba anakubali dhamana, hata ya mambo yaliyofanywa bila yeye kujua. Alisema vema, ila maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Waziri aliyejiuzulu

Hapa kwetu Tanzania tunao mfano ambao vijana wengi hawaujui. Katika miaka ya 1970 Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Mkoani Shinyanga baadhi ya watu waliokuwa wamekamatwa waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na wengine wakafa. Mzee Mwinyi hakutoa amri ile, wala hakuwapo. Angeweza kusema kwamba Shinyanga ni mbali na Dar es Salaam, na kwamba waliotenda wanajulikana. Hakusema hivyo. Mwaka 1977 alijiuzulu uwaziri, kwa kuwa waliotenda walikuwa chini yake.

Wako waliodhani kwamba safari yake ya uongozi imeishia hapo. Lakini mwaka 1984 alikuwa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Alipofariki Februari 2024, wengi waliomlilia walilikumbuka tendo lile. Hakuwa wa dini yetu, lakini alitufundisha sote maana ya kubeba mzigo wa walio chini yako. Nchi ilimkabidhi makubwa mtu aliyekuwa ameonyesha kwamba hawezi kulikana lililo lake.

Saini yetu

Sisi tunaoandika maneno haya hatusemi kwa kuwahukumu wakubwa. Tulipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu alitufundisha kwamba mwalimu anayefuta ubao mwenyewe, anayegawa madaftari mwenyewe na kunyamazisha darasa mwenyewe hatapata nafasi ya kufundisha. Sharti awe na viranja. Somo hilo tulilishika, ila tulilishika nusu.

Katika miaka ya 1990 tulikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi ya bweni. Stoo ya chakula tulimkabidhi mwalimu mwenzetu. Kila Ijumaa alituletea leja, nasi tukatia saini. Muhula mzima hatukuufungua mlango wa stoo hata mara moja, na tulijisifu kwamba tunawaamini wenzetu. Jioni moja kiranja wa bwalo, msichana wa darasa la sita, alikuja ofisini. Akasimama mlangoni, akasema uji umekuwa maji na wadogo wanalia usiku kwa njaa. Tulimjibu kwamba mambo ya chakula yana mwalimu wake, apitie huko. Akasema, "Ndiyo, mwalimu," akaenda. Hakurudi tena.

Majuma matatu baadaye chakula kilikwisha. Leja ilionyesha magunia 18 ya mahindi. Stoo ilikuwa na 4. Ikabidi watoto warudishwe makwao kabla ya muhula kwisha, na wale wa mbali walilala njiani. Kamati ya shule ilipoketi, tulijitetea kwamba kazi ile tulikuwa tumemkabidhi mwenzetu. Mzee mmoja wa kamati, ambaye hakuvuka darasa la nne, aliisogeza leja mbele yetu, akaweka kidole chini ya ukurasa. "Mwalimu," akasema, "na saini hii ni ya nani?"

Hatukuwa na jibu. Mwenzetu alikuwa na kosa lake, naye aliulizwa kwa lake. Lakini mlango aliokuja kuubisha yule mtoto ulikuwa wetu. Mpaka leo magunia tumeyasamehe, ila yule msichana hatujamsahau. Katika shule nzima yeye ndiye aliyekuwa mshauri wetu wa kweli, nasi tulimrudisha kwa mtu yule yule aliyekuja kumlalamikia.

Tangu siku hiyo, kila tunaposoma habari za Pontio Pilato hatumcheki tena. Pilato naye alikuwa na mshauri wa kweli. Mkewe alimpelekea habari akiwa ameketi katika kiti cha hukumu, asiwe na neno na yule mwenye haki. Hakumsikia. Akasikiliza wakuu wa makuhani na kelele za watu, kisha akatwaa maji, akanawa mikono, akasema shauri ni lao. Maji yalipita juu ya mikono yake, ila saini ilikuwa yake. Kila tunapokiri Imani hatulitaji jina la kuhani yeyote wala la mtu yeyote wa mkutano ule. Twalitaja jina la Pilato.

Yatupasaje sisi?

Kasisi wetu ana makanisa kadhaa ya kuangalia, wala hawezi kuwa kote siku moja. Yampasa awe na wainjilisti, wazee wa kanisa na mweka hazina, na sisi tusimlaumu kwa kuwatumia. Vivyo hivyo halmashauri ya mtaa haiwezi kuhesabu kila sadaka, huwakabidhi wachache. Hayo ni ya Yethro, na ni mema.

Lakini tuliokabidhi, tufungue mlango wa stoo. Kumwuliza uliyemwamini si kumvunjia heshima. Ni kumsaidia asiingie majaribuni. Mzee anayetia saini daftari la mapato na matumizi bila kulisoma hajaonyesha imani, ameonyesha uchovu. Tena akija mdogo, mjane au mtoto wa shule ya Jumapili na neno lisilopendeza, tusimwambie apitie kwingine. Huenda Bwana amemtuma.

Na tuliokabidhiwa, tuseme kweli. Nathani aliingia kwa mfalme Daudi akamwambia uso kwa uso kosa lake, na Biblia haikumwita msaliti. Kumwambia mkubwa habari njema tu, na kumficha mbaya eti tunamkinga, si heshima wala si upendo. Tukinyamaza mkutanini kisha tukanung'unika njiani, tumekuwa kama yule mwalimu wa historia. Naye angalau aliungama.

Na sote tukumbuke kwamba Kichwa cha Kanisa ni Kristo. Yeye naye aligawa kazi. Aliwatuma Thenashara, kisha wale sabini, wawili wawili, akawapa mamlaka. Lakini waliporudi aliwasikiliza, walipokosea aliwarekebisha, na mzigo wa dhambi zao na zetu hakumtwika mtu mwingine. Aliubeba mwenyewe msalabani. Kila kiongozi, wa Ikulu au wa jumuiya ndogo, amepewa sehemu ndogo ya kazi ile ile: kutuma, kusikiliza na kubeba.

Basi Jumapili ijayo, tukifika kwenye maombi ya Rais na wote walio na madaraka chini yake, tusiyapite mbio. Tuwaombee wakuu wapate masikio. Tuwaombee washauri wao wapate ulimi wa kweli. Na kila mmoja wetu amkumbuke mtu mmoja ambaye siku fulani alisimama mlangoni pake na neno, naye hakumsikiliza. Kama bado yu hai, tumwendee.

Tuombe: Ee Mungu, uliyempa Musa wasaidizi na kumpelekea Nathani Daudi, wape viongozi wetu moyo wa kuuliza na subira ya kusikia. Wape wasaidizi wao ujasiri wa kusema kweli. Nasi utuondolee tamaa ya kunawa mikono, ili siku utakapotuuliza juu ya tuliokabidhiwa, tusitafute wa kumsingizia, bali tukimbilie rehema zako, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.